Barabara Iliponyamaza

Lori la Gurtej lilikuwa limeshaanza kutoka getini mkewe alipokumbuka chakula. Akalikimbilia kwenye manyunyu na kifurushi mkononi, paratha, zile chapati zenye viazi ndani, zikiwa bado za moto, akagonga mlango wa upande wa abiria. Gurtej akafunga breki, akainama kupokea.

"Kirandeep, utakuja kukanyagwa humu uwanjani, mjomba aseme nini?"

"Aseme umeoa mke anayekujali. Na viatu vyako vya theluji viko wapi?"

"Viko kitandani huku nyuma. Humu ndani kuna joto kama jikoni kwa mama." Akainua mguu kumwonyesha. Alikuwa amevaa kandambili.

Kirandeep akatikisa kichwa akicheka, lori likaondoka. Yeye akabaki amesimama pale Brampton, Kanada, na shali yake kichwani mpaka lori likakata kona. Mimi nilikuwa kando, nagonga matairi ya lori langu kwa rungu kusikia kama yana upepo, maana safari yetu ilikuwa moja, Winnipeg kwa njia ya kaskazini. Ilikuwa asubuhi nzuri ya Desemba, haina baridi kali. Nawaambieni ilikuwa nzuri ili mjue kwamba mabaya ya barabarani hayaanzi na tufani. Yanaanza na siku kama ile.

Gurtej alikuwa kijana wa watu. Alikuja Kanada kusoma, akaacha, akachukua leseni ya malori makubwa wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu. Mkewe alimfuata majira ya majani kupukutika. Wakapanga chumba cha chini ya nyumba ya watu, chenye kidirisha kimoja juu karibu na dari, ambapo Kirandeep alikuwa akiona miguu ya wapita njia na hamjui hata mmoja wao. Mume akisafiri, siku nzima sauti pekee anayoisikia ni ya tanuri la kupasha nyumba joto.

Mwenye malori alikuwa Sukhchain, mjomba wake Gurtej. Zamani kwetu dereva mpya alikaa na mkongwe kwenye lori moja kwa msimu mzima wa baridi kabla ya kupewa lake. Sukhchain aliona hiyo ni hasara. Nilipomuuliza akanijibu, "Baba Naranjan, siku hizi wote wako kijiweni. Atafundishwa humo humo."

Sasa hicho kijiwe ndicho kiini cha habari yangu. Sisi madereva wa Kipunjabi tuna desturi. Mtu akiwasha lori asubuhi, anawasha na simu, anaunganishwa na wenzake sita, saba, pengine kumi, kila mmoja na kifaa chake sikioni, na laini ile haikatwi mpaka jioni. Mmoja yuko Alberta, mwingine yuko Texas, na wote wanapiga soga kana kwamba wamekaa kitanda kimoja cha kamba uani. Siwalaumu. Msitu wa kaskazini mwa Ontario hauna mwisho. Unaendesha kutwa, misonobari kulia, misonobari kushoto, na binadamu unayemwona ni yule anayekuja mbele yako, naye anapita hata hujamwona uso. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye shangazi wanne na binamu wasiohesabika, humo ndani ya lori ukimya unamtafuna. Basi anaujaza maneno.

Siku ya pili, alasiri, tukafika mji mdogo wa Hearst. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na sasa baridi ilikuwa inashuka. Mimi nikakata kuingia kituo cha mafuta. Msije mkanisifu kwa busara, ni goti langu lililokataa. Gurtej alikuwa nyuma yangu kidogo, naye akauliza kijiweni, "Jamani, kutoka Hearst kwenda Longlac barabara ikoje?"

Akajibu Pamma, dereva hodari, mwenye ulimi mwepesi, ambaye ndiye aliyekuwa mfalme wa kijiwe. "Mimi nimepita huko asubuhi. Imelowa tu."

"Asubuhi ni asubuhi. Na sasa je?"

"Sasa imelowa zaidi. Umeuliza mara mbili, bwana mdogo. Bibi harusi haulizi hivyo akipelekwa kwa mama mkwe."

Kicheko kikajaa masikioni mwetu. Nikasema, "Gurtej, ingia hapa. Kuna supu ya njegere ya moto."

"Haya, goti la Baba Naranjan limetoa taarifa ya hali ya hewa," Pamma akasema. "Gurtej, nenda kashikwe mkono uvushwe barabara."

Sukhchain naye alikuwemo kwenye laini, kama kawaida yake, akisikiliza kutoka ofisini. "Mzigo unangojwa kesho," akasema. "Maneno machache, mwendo."

Gurtej baadaye alinieleza kwamba mguu wake ulikuwa umeshagusa breki ili aingie kituoni. Kisha akasema, "Supu nitakunywa Thunder Bay, babu," nami nikaliona lori lake likipita nje ya dirisha, likielekea magharibi na taa zimewashwa. Nikatoa kifaa sikioni nile kwa amani. Yaliyofuata nimesimuliwa na yeye mwenyewe na waliobaki kijiweni.

Ndugu msomaji, kama wewe ni dereva mgeni wa baridi, hapa usome polepole. Barabara yenye maji ina sauti. Matairi kumi na nane yakipita juu ya maji yanatoa mlio kama wa vitunguu vinavyokaangwa, na nyuma ya matairi unafuka ukungu wa maji ambao unauona kwenye vioo vya pembeni. Maji yakiganda, mlio unakufa na ukungu unakufa. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Lami ni ile ile nyeusi, inang'aa vile vile. Lakini imenyamaza. Hapo ndipo unapotakiwa kuinua mguu taratibu kwenye mafuta, usiguse breki yoyote, uache lori lichoke lenyewe.

Barabara ilimnyamazia Gurtej kilomita nyingi kabla ya kufika daraja moja la mto. Hakusikia. Pamma alikuwa anasimulia harusi ya kwao ambako farasi wa bwana harusi alikataa kwenda, akageuka na bwana harusi mgongoni, akarudi naye nyumbani kwao, bendi ikimfuata nyuma. Watu walikuwa hawana mbavu. Katikati ya hadithi, jina la Kirandeep likawaka kwenye simu. Gurtej akaliacha lilie mpaka likazima. Alitaka kusikia farasi aliishia wapi.

Lori lilikuwa linajiendesha lenyewe kwa mwendo uliopangwa kwenye mtambo, mguu wake umepumzika sakafuni ndani ya kandambili. Alipoona kibao cha daraja na kona, akafanya alichofundishwa kiangazi: akawasha breki ya injini. Kwenye lami kavu breki ile ni rafiki. Kwenye barafu inayashika matairi ya kichwa cha lori wakati trela zima, na mzigo wake, bado lina haraka. Gurtej anasema hakusikia kishindo. Aliona trela lake mwenyewe likija ubavuni mwake, taratibu, kama mtu anayetaka kumpita. Kisha dirisha lake lote likawa misonobari.

Kijiweni walisikia mkwaruzo, kisha hakuna kitu.

"Gurtej?" mmoja akaita.

"Kashaingia msituni, hakuna mtandao huko," Pamma akasema. "Atatukuta mbele. Basi farasi bwana..."

Na ni kweli kwamba pande zile mtandao unakatika kila mara. Wote tumezoea mwenzetu kutoweka katikati ya sentensi na kurudi baada ya kilima. Hakuna aliyeshtuka. Waliendelea kucheka, na yule waliyedhani wanaye alikuwa amelala ubavu chini ya tuta, bega limevunjika, injini imezimika, simu imerushwa asijue wapi.

Mablanketi na viatu vyake vilikuwa kitandani nyuma, vimefunikwa na kila kitu kilichokuwa ndani ya lori. Angetulia, angevifukua hata kwa mkono mmoja. Lakini alisikia harufu ya dizeli, akaogopa moto, akatambaa kutoka kupitia kioo cha mbele kilichovunjika. Theluji ikampokea mpaka kiunoni. Kandambili moja ilibaki humo humo. Akapanda tuta mpaka barabarani, akasimama kungoja gari.

Hakuna gari lililokuja. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti, mawingu yamekuwa na rangi ya majivu, na theluji mpya imeanza kuanguka na kufunika alama zake za matairi. Alipaza sauti kwa Kipunjabi, kisha kwa Kiingereza. Anasema kitu kilichomtisha kuliko vyote ni kusikia theluji ikianguka. Hakujua kwamba theluji ina sauti.

Kirandeep, kule chumbani Brampton, alipiga tena, akapiga tena. Kisha akampigia Sukhchain.

"Mtandao hakuna huko, binti," mjomba akasema. "Ndiyo kazi yetu ilivyo. Utazoea."

"Mjomba si una ile ramani inayoonyesha malori?"

"Ninayo hapa, hiyo inatumia setilaiti. Nukta yake imesimama. Ameegesha, analala."

"Ameegesha wapi?"

"Njiani."

"Hapo njiani kuna nini? Kituo? Duka? Nyumba ya mtu?"

Sukhchain akaikuza ile ramani. Palikuwa na mstari wa mto na rangi ya kijani tupu.

"Gurtej halali bila kuniambia amekula nini," Kirandeep akasema. "Hata tukigombana ananiambia, kwa hasira, nimekula dengu, lala. Mjomba, ama unapiga simu polisi sasa hivi, au napiga mimi na Kiingereza changu hiki, na nitawaambia uliniambia nitazoea."

Sukhchain akapiga. Kisha akanipigia na mimi, na sauti yake sikuijua. Nikachechemea mpaka mwisho wa mji, ambako polisi walikuwa wameshaweka kizuizi. Barabara ilikuwa imefungwa pande zote mbili kwa ajili ya barafu, na Gurtej alikuwa ndani ya kipande kilichofungwa. Ndiyo maana hapakupita gari. Polisi wakamruhusu Rejean, mwenye gari la kukwangua theluji na kumwaga mchanga, atangulie, nami nikapanda pembeni yake kwa sababu nilikuwa nasema lugha ya kijana.

Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikamwambia Rejean aongeze.

"Mzee, nikiongeza watakuja kututafuta na sisi," akanijibu. "Wewe tazama vilele vya miti. Lori likizama, theluji inalificha. Mti uliovunjika haifichi."

Na kweli, karibu na daraja tukauona msonobari mmoja umekatwa shingo, jeraha lake jeupe kwenye mwanga wa taa. Gurtej alikuwa ameketi akiegemea tairi la trela. Alikuwa amerudi kutoka barabarani baada ya kukata tamaa. Miguu yake sitaieleza. Nikavua kofia yangu nikamvalisha, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Babu," akasema, "watu wote wameenda wapi?"

Mafunzo ya hadithi hii

Enyi mnaokabidhiwa ufunguo wa lori kubwa kwa mara ya kwanza, barabara ya baridi inataka masikio yako yote mawili. Mwenzako akikuambia barabara ni nzuri, muulize ameiona saa ngapi. Kwenye maji yanayokaribia kuganda, usiendeshe kwa mwendo uliopangwa na usiguse breki ya injini. Tazama ukungu wa matairi kwenye vioo, na ukitoweka, ondoa mguu taratibu. Viatu vya theluji vivae miguuni. Lori likiingia mtaroni na halina moto, kaa ndani yake, jifunike, ngoja, maana lori linatafutwa na linaonekana kuliko mtu.

Na sisi tulio kijiweni tuache kumcheka anayetaka kusimama. Mwenzetu akinyamaza tumtafute, kwanza tumjue yuko wapi, ndipo tumalize hadithi zetu. Wenye malori, mrudishe msimu wa mkongwe. Upweke wa kijana hauponywi kwa laini ya simu, unaponywa kwa mtu aliyeketi kiti cha pili. Nimemaliza mawaidha.

Gurtej alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti na vidole vyote vya mguu wa kulia. Haendeshi tena. Anafanya kazi ya kupokea mizigo kwenye ghala moja Mississauga, kwenye kiti. Kirandeep alijifunza Kiingereza, akapata kazi ya kuoka mikate, wakahama kile chumba. Wana mtoto wa kike. Sukhchain aliuza malori, akabakiza mawili, na mtu mgeni hampeleki kaskazini kabla ya majira ya kuchipua. Dada yake, mama yake Gurtej, hazungumzi naye. Pamma alikwenda hospitali mara moja, akakaa kidogo, akaondoka. Bado anaendesha, na bado yuko kijiweni, ila hasimulii. Rejean amestaafu. Mimi bado niko barabarani, kwa sasa Saskatchewan.