Sauti Iliyoomba Msamaha Kwenye Ukungu

"Mama, simu ina ramani. Filimbi ni ya refa." Ndivyo alivyonijibu Rogath, mwanangu wa mwisho, nilipomwambia abebe koti na filimbi, amesimama mlangoni na kishati chepesi, eti anapanda msituni huku juu ya kijiji chetu cha Kilema kujifunza njia ili aje kuongoza wageni. Nikamwambia, basi sema unapita wapi, la sivyo hutoki. Akanuna. "Nafuata mfereji mpaka chanzo."

Na kaka yake Sifael walikuwa hawasemeshani, mwaka wa pili huo, tangu Sifael ang'oe masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba walilogawana. Kwetu unajua, Winfrida mjukuu wangu, mkosaji haji na maneno matupu. Anakuja na jani la isale mkononi.

Saa saba mchana ukungu ukashuka, simu ikazimika kwa baridi. Akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha, na huko hakuna ng'ombe. Halafu sauti ya Sifael, polepole: "Rogath. Nisamehe, mdogo wangu. Njoo huku."

Moyo ukamlainika, akauacha mfereji akaifuata, inaita naye anakwenda, matawi yanampiga usoni, harufu inazidi, nyayo mbele yake zinakanyaga majani makavu wala hazivunji hata kijiti, sauti ileile, maneno yaleyale, nisamehe, njoo huku, mpaka kitu kikamshtua akasimama, akanong'ona, "Kaka, isale liko wapi?"

Sauti ikakatika. Ukungu ukafunguka kidogo, akaona ncha za viatu vyake ziko ukingoni mwa korongo.

Akakaa chini palepale, amekumbatia mti. Mimi huku saa kumi nikamwendea Sifael. "Mdogo wako hajarudi. Chukua koti na filimbi, fuata mfereji." Akapanda anapuliza, Rogath akasikia, akapiga kelele. Alipomwona hakumtazama usoni, alitazama mkono. Jani lilikuwepo.

Jana wamekaa hapa kwangu wote wawili, wanakula ndizi, ukungu ukaingia migombani. Ile harufu ikaja. Nje Rogath akaita: "Mama, nisamehe. Njoo huku, isale ninalo."

Na Rogath yuko mbele yangu, kijiko mdomoni.

Hatukuitika. Sifael akaufunga mlango kwa mgongo.

Sasa nyie mnaopanda Jumamosi, Winfrida, mseme nyumbani njia mnayopita, mbebe makoti na filimbi, ukungu ukishuka mkae mlipo mpulize. Na mkiitwa, msiulize habari ya isale. Hilo linaloita limeshajifunza kujibu. Waambie wenzako, leo hii waambie.