Pasi ya Bure

— Ndege ni ya watu wenye hawana pasi, Ngatia aliniambia, bila kuinua macho kwenye kitabu chake cha ratiba.

— Baba Wahome, na harusi ni mwezi wa pili? Ndege inafika Mwanza siku hiyo hiyo.

— Pasi ni bure. Kiganjo mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Kisumu, tunalala kwa meli, tunaamka Mwanza. Siku tatu nne hivi. Haraka ya nini?

— Niko na akiba yangu. Nitalipa.

Hapo ndipo alipofunga kitabu.

— Mtu wa reli apande ndege? Ati mke amlipie? Watanicheka stesheni nzima, Wachuka.

Ilikuwa Desemba 1976. Mume wangu alikuwa karani wa stesheni ya Kiganjo, na tuliishi nyumba za reli. Kila mwaka reli ilimpa pasi moja ya likizo, yeye na mke wake, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kulipa nauli hata ya kufika Karatina. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wengine wana ng'ombe wa gredi, Ngatia alikuwa na pasi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya Ruring'u, na nilikuwa nimechoka. Mdogo wangu Ngendo aliolewa na Gatimu, karani wa reli pia, akahamia naye Mwanza. Mara ya mwisho nilimwona mwaka wa Uhuru, alipokuja peke yake kumzika mama yetu. Sasa alikuwa anaoza binti yake wa pili, Wakonyo, aliyebeba jina la mama. Sikuwahi kumwona huyo mtoto. Kwetu, msichana hatoki nyumbani kabla bibi yake hajamtemea mate ya baraka kiganjani. Mama hayupo, na mimi ndiye mkubwa. Mate yalikuwa yangu.

Januari telegramu ikaja: HARUSI JUMAMOSI TAREHE TANO FEBRUARI. MATE NI YAKO. USIKOSE. NGENDO.

— Pasi imefika? nikamuuliza Ngatia.

— Iko Nairobi, inangoja sahihi.

— Basi nipigie Gatimu kwa simu ya stesheni, nimwambie Ngendo nakuja.

— Simu ya kazi si ya kuuliza habari za dada. Mama Wahome, unajua hiyo sheria.

Nilijua. Ngatia hakuwahi kuivunja, hata siku mtoto wetu Wahome alipovunjika mguu.

Mwisho wa Januari redio ikatangaza kwamba ndege za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimesimama. Ngatia akapiga meza kwa furaha.

— Si nilikuambia? Ndege ni kelele tu. Reli haisimami!

Nilipiga pasi nguo zangu za harusi, nikazikunja, nikangoja.

Pasi ilifika Jumatano asubuhi, tukaondoka siku hiyo hiyo. Garimoshi lilipofika Sagana nilimwonyesha nyumba ya kaka yangu Mathenge, ng'ambo ya mto.

— Unaiona ile nyumba?

— Ya Mathenge. Kwani iko nini?

— Hii harusi ikinipita, wakati wa kurudi nitashuka hapa. Wewe uendelee Kiganjo na pasi yako.

Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki.

Tulifika Kisumu Ijumaa asubuhi, miguu imevimba, shingo imekakamaa. Tukaenda moja kwa moja gatini. Ngatia akanyoosha pasi dirishani kama mtu anayeonyesha cheti cha ubatizo. Karani hata hakuishika.

— Mzee, hamkusikia habari? Tanzania imefunga mpaka. Meli haiendi.

— Lakini hii ni pasi ya reli, bwana. Imepigwa muhuri.

— Hata kama. Meli haiendi.

— Basi kesho?

— Hakuna mtu anajua.

Niliketi juu ya sanduku langu. Nilimpenda Ngatia tangu nikiwa na miaka ishirini, na asubuhi ile nilimchukia. Hata nguvu za kumgombeza sikuwa nazo.

— Wachuka...

— Usiniambie kitu. Desemba ndege zilikuwa zinaruka.

Alisimama pale na pasi yake mkononi. Kisha akaenda zake. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Nilidhani amekwenda kunywa chai, maana mwanamume akikosa la kusema hutafuta chai. Mara namwona anarudi mbio, kofia mkononi, jasho linamtoka.

— Njoo. Haraka!

— Wapi?

— Ofisi ya stesheni. Niko na Gatimu kwa simu.

— Simu gani?

— Ya kazi.

— Na sheria?

— Wachuka, tafadhali. Nimemwomba bwana mkubwa wa hapa mpaka nikapiga magoti. Laini inaweza kukatika saa hii.

Nikakimbia, mimi na miguu yangu iliyovimba. Makarani watatu walikuwa wamesimama kando ya meza, wanatutazama. Nikashika simu.

— Haro? Ngendo?

— Wachuka! Uko wapi?

— Niko Kisumu. Hakuna njia.

Ngendo akaanza kulia. Nilimwacha alie kidogo, kisha nikamkatiza, kwa maana laini ilikuwa inakwaruza.

— Wakonyo yuko hapo?

— Yuko. Gatimu ametuita mbio, tuko naye.

— Mpe simu. Na wewe mfungue kiganja umshikilie.

Nikasikia sauti changa ikiniita mama mkubwa kwa Kikuyu:

— Tata?

— Mama yangu, nikamwambia, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa mwenye jina la mama. Umefungua mkono?

— Nimefungua.

Nikatema mate kidogo katika kiganja changu mwenyewe, mbele ya wale makarani, nikakisogeza karibu na simu.

— Uzae. Ushibe. Ukae kwa amani na mume wako.

— Thaai, akaitikia Ngendo huko mbali, kama amina, na laini ikakatika.

Ngatia alikuwa amegeukia ukuta, anajifuta macho kwa kofia.

Tukapanda garimoshi la kurudi. Jumapili garimoshi likasimama Sagana. Ngatia akainuka, akashusha sanduku langu, akaliweka miguuni mwangu.

— Sagana. Ulisema.

— Nilisema.

— Sitakuzuia. Makosa ni yangu. Mpaka ukifunguliwa tutaenda na ndege, na nitalipa mimi.

— Na watu wa stesheni?

— Wacheke.

Mathenge alikuwa anamwagilia sukuma wiki zake, hajui lolote. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka hata kumwacha mtu.

— Rudisha sanduku juu, nikasema. Na uketi, unanizibia upepo.

Mpaka ulikaa umefungwa karibu miaka saba. Ulipofunguliwa, Ngatia aliyekuwa amestaafu alikuja nyumbani na tiketi za ndege: Nairobi hadi Dar, Dar hadi Mwanza. Njia nzima alishika kiti kwa mikono miwili.

Mwanza, mwanamke mmoja akatoka mbio kwenye kundi la watu, mtoto mgongoni, wawili wanamfuata. Alikuwa na paji la uso la mama yangu. Kabla hata ya kunisalimu alisimama mbele yangu, akafungua kiganja.

— Tata, yale ya simu yalinifikia, akasema. Lakini tema tena.

Nikatema. Ngatia akavua kofia.