Stata Imekufa Siku ya Posa

"Washa tena!" Specioza alipaza sauti, kichwa kikiwa chini ya boneti.

Egide, mchumba wake, akageuza ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka. Stata haikuzungusha injini.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, uani kwa Egide, mtaa wa Ilembo mjini Mpanda. Saa nane walitakiwa wawe Karema, kwa wazazi wa Specioza, kwa ajili ya posa. Safari ilishaahirishwa mara mbili, na mara zote Egide alisema gari bovu. Leo Specioza, fundi umeme wa magari pale mjini, alikuja na vifaa vyake.

"Betri nzima. Honi inalia vizuri."

"Basi stata imekufa, Speci. Tuwapigie tuahirishe."

"Subiri."

Akabana klipu ya taa ya kupimia kwenye chuma, ncha akaigusisha kwenye waya mwembamba unaoleta umeme wa ufunguo kwenye stata.

"Washa!"

Taa haikuwaka.

"Stata haina kosa. Umeme haufiki."

Akaufuata waya mpaka kwenye boksi la fyuzi, akafungua kifuniko. Pa kuchomekea relei, swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye stata, palikuwa wazi.

"Egide, relei iko wapi?"

Egide akatazama usukani.

"Relei haina miguu!"

Egide akashuka, akaitoa mfukoni.

"Una mwanamke mwingine?"

"Hapana! Haki ya Mungu."

"Sasa nini?"

"Baba mkubwa amekataa kuja. Anasema sisi Warundi tunaoa Warundi wenzetu. Ndugu wote wamemfuata. Sina hata mzee mmoja wa kunisemea. Nitaingiaje kwa baba yako peke yangu, kama mwizi?"

"Kwa hiyo mama kapika mara mbili, wageni wamekula bila mkwe, wewe umeficha relei?"

"Niliogopa utaniacha."

"Kwa uongo huu ndiyo ningekuacha!" Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa mkono wenye grisi.

Simu ya Specioza ikaita. Baba yake, mzee Kasimiri. Akaweka spika.

"Mmefika wapi?"

Specioza akamsogezea Egide simu. "Sema mwenyewe."

"Shikamoo, baba. Bado tuko Mpanda. Gari ni zima... nilichomoa kifaa mimi. Wazee wangu wamekataa kuja. Niliona aibu."

Mzee akamuuliza binti yake.

"Specioza, unamtaka huyu?"

"Amenikasirisha, baba."

"Sijauliza hilo."

Specioza akamwangalia Egide aliyeinamisha kichwa.

"Namtaka."

"Basi hapa nina wazee sita. Wawili watahamia upande wake, wawe wazee wake. Njooni."