Kesi ya Sauti ya Mama Lai

Mimi si mtu wa kuamini mizimu, na wala sikuanza kuamini kwa kupenda. Haya yalimpata bosi wangu, Chien Po-jung, ambaye meza yake na yangu zilitazamana kwa miaka sita. Angeweza kuyasimulia mwenyewe, nisingejisumbua.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida mwezi wa tano, mjini kwetu Kaohsiung, joto la kumkausha samaki. Kampuni yetu inahifadhi tovuti, picha na sauti za watu mtandaoni, na sisi wawili tulikuwa dawati la hakimiliki. Mtu akikuta kazi yake imepakiwa na mwizi, anatuletea fomu. Fomu ikikamilika, tunaondoa kitu hicho na kumjulisha aliyekipakia. Huyo akipinga, mlalamikaji anapewa siku kumi za kazi alete karatasi ya kuonyesha kwamba ameshtaki mahakamani. Asipoleta, kitu kinarudishwa. Sheria yenyewe haina ubaya. Ubaya ulikuwa Chien.

Chien alipenda kukataa kama wengine wanavyopenda kula. Anwani haina namba ya nyumba, fomu inarudi. Kiungo kimepungua herufi moja, inarudi. Alikuwa akigonga mhuri wa HAIJAKAMILIKA huku akinyonya chai yake ya maziwa, raha mustarehe. Na huyu huyu ndiye aliyepanga pakiti za kijani za bisi juu ya seva zetu ili mitambo isigome, kama tufanyavyo sote huku. Ole wako uiguse pakiti hata moja! Ushirikina wake aliuita tahadhari, wa wenzake akauita ujinga.

Siku hiyo niliifungua bahasha kutoka mashambani, Yunlin. Mlalamikaji: Lai A-chin, miaka sabini na mmoja. Kazi: kulia matangani. Ni kazi ya watu huku. Wafiwa wanakukodi, unavaa nguo nyeupe, unatambaa kwa magoti hadi kwenye jeneza ukimlilia maiti usiyemjua, kipaza sauti mkononi. Chini ya fomu, mahali pa kueleza kazi iliyoibwa, alikuwa ameandika kwa mkono unaotetemeka:

"Nimelilia wafu wa watu miaka arobaini. Sauti hiyo mliyo nayo si ya kazi. Siku hiyo nilikuwa namwita mwanangu Yen-ju, aliyezama mtoni. Mtu akasimama barabarani akanirekodi. Sasa kila mnapobofya, ninamwita. Naye anakuja. Anasimama mlangoni kwangu amelowa, hajui kwa nini ameitwa. Iondoeni mwanangu apumzike."

Niliitafuta. Aliyeipakia alijiita Mkusanya Vitisho, na jina la sauti lilikuwa "Kilio cha kutisha, sekunde arobaini". Ilikuwa imesikilizwa mara laki tatu. Nikavaa spika za masikioni, nikabofya. Sitaieleza. Nywele zilinisimama hadi za mikononi. Kisha nikafanya jambo ambalo naliona aibu hadi leo: nikamtumia dada yangu Pei-chi, nikamwandikia, "Sikiliza hii, usilale." Akacheka, akaifanya mlio wa simu yake.

Chien aliirudisha fomu ile mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu Mama Lai ameweka dole gumba badala ya saini. Mara ya pili, kiungo hakipo. Mara ya tatu, kisanduku cha kiapo hakikutiwa alama.

"Bosi, bibi wa watu huyu," nilimwambia. "Ana maiti wake humo."

"Pei-shan, wewe ni mwanasheria au mama mchungaji? Rudisha."

Fomu ya nne ilikuja safi, haina kasoro hata moja, akalazimika kuiondoa sauti. Siku mbili hazikupita, Mkusanya Vitisho akapinga. Alisema amerekodi kwa simu yake mwenyewe, kwa hiyo ni mali yake. Nikampigia mama, nikaweka simu kwenye spika.

"Mama Lai, aliyeipakia amekataa. Una siku kumi za kazi utuletee karatasi ya mahakama."

"Nimshtaki nani, mwanangu? Niambie jina lake."

"Jina haturuhusiwi kulitoa, mama."

"Mtu nisiyemjua, nitamshtaki mahakama gani?"

Chien akanipokonya simu. "Mama, mahakama yoyote ile! Hata ukamshtaki kwa mungu wa mji, sisi sawa tu. Mradi karatasi iwe na mhuri."

Nilisikia feni ikizunguka upande wa mama.

"Umesema yoyote?"

"Yoyote."

"Haya. Asante, baba."

Chien alicheka hadi akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Mungu wa mji si wa kuchomewa ubani tu. Hekaluni kwake ndiko wanakokwenda waliokosa pa kwenda. Unaandika mashtaka kwenye karatasi ya manjano, unayasoma mbele yake, unayachoma. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema mahakama ile haina kuahirisha, na ukishaifungua kesi huwezi kuifuta. Na simu zote za dawati letu hurekodiwa. Kanuni.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatatu. Saa sita mchana, wenzetu wameshuka kula, mama akaingia ofisini kwa miguu yake. Alikuwa mfupi, magoti yake yamevimba kwa miaka ya kutambaa. Nikampa maji, hakuyagusa. Akatandaza karatasi ya manjano mbele ya Chien. Ilikuwa na mhuri mwekundu wa hekalu juu, maelezo yake katikati, na chini kabisa kisanduku cha mlalamikiwa. Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Ni nakala," akasema. "Ya kwanza imeshachomwa."

"Na hapa mbona hakuna mtu?" Chien akauliza, kicheko kimemjaa mashavuni.

"Mlikataa kunipa jina."

Kanuni yetu inasema karatasi yoyote ya mashtaka ikipokelewa, mpokeaji aigonge mhuri wake wa jina. Chien akautoa wake, akauchovya kwenye wino mwekundu. Nilidhani angegonga pembeni, kama siku zote. Akanikonyeza. Akagonga katikati ya kile kisanduku kitupu.

"Haya mama, imepokelewa!"

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Jumatano, saa nne asubuhi," akanong'ona. "Kule hakuna kutuma barua. Mlalamikaji anakwenda mwenyewe."

Kesho yake, siku ya kumi, Chien alisema mungu wa mji hana namba ya kesi, akairudisha ile sauti mtandaoni. Aliibofya kuihakikisha. Aliibofya tena, ili tu kunikera.

Jumatano kulikuwa na kikao. Tulikuwa watu wanane. Chien alisimama akilalamika kuhusu wanaoacha mabakuli ya tambi kwenye sinki. Jua lilikuwa linawaka dirishani. Saa ya ukutani ilisoma saa nne.

Sauti yake ikakatika.

Katikati ya neno. Midomo iliendelea. Mkono uliendelea kuonyesha sinki. Yeye mwenyewe hakujua, hadi alipoona nyuso zetu. Akashika koo. Akapanua mdomo hadi nikaona meno ya nyuma. Hata pumzi haikusikika.

Simu ya mapokezi ikaita. Mteja anauliza, laini yenu ya malalamiko imekufa? Salamu ya laini ile alikuwa ameirekodi Chien. Niliisikiliza mwenyewe. Sekunde thelathini na moja, kimya. Nikafungua rekodi ya simu yetu na Mama Lai. Nikasikia sauti yangu. Nikamsikia mama akiuliza, "Umesema yoyote?" Mahali pa Chien palikuwa patupu. Kisha mama akashukuru.

Jioni mke wake alinipigia akilia. Alikuwa amefungua video ya harusi yao. Wageni wanasikika, ngoma inasikika, yeye mwenyewe anasikika akiapa. Mumewe anafungua na kufunga mdomo.

Madaktari walimpiga picha za koo, wakasema koo zima. Kumbe alikuwa ameshapata jibu lake. Barua pepe ilimfikia Jumatano ile ile, saa nne na dakika moja, haina anwani ya mtumaji. Maneno yalikuwa ya barua yetu wenyewe, aliyoitunga Chien kwa ajili ya wateja: "Kitu chako kimeondolewa kufuatia malalamiko. Una siku kumi za kazi kupinga." Chini yake kulikuwa na mstari ambao hakuuandika yeye: "Ili kupinga, fika mwenyewe ujieleze kwa mdomo."

Alikwenda. Mke wake alinieleza. Siku ya kumi alipiga magoti hekaluni tangu mlango ulipofunguliwa, akipanua mdomo mbele ya sanamu nyeusi ya mungu wa mji, machozi yakimchuruzika, watu wakimpita na ubani wao. Mlango ulipofungwa alirudi nyumbani. Wanasema mdomo huponza kichwa. Kichwa cha Chien kipo, mdomo ndio hauna kazi tena.

Nilipiga simu Yunlin. Akapokea mpwa wa mama.

"Shangazi tumemzika. Jumatano ile alioga, akavaa nguo zake nyeupe, akakaa mlangoni. Saa nne tukamkuta amekwenda."

"Mlangoni penyewe, pakoje?" nikauliza, sijui kwa nini.

"Siku hizi pakavu, dada."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwa ajili ya yule mtoto. Ile sauti haiko tena mtandaoni. Kumbukumbu za mtambo zinaonyesha iliondolewa Jumatano saa nne, na jina la aliyeiondoa ni nafasi tupu. Pei-chi naye nikamwambia aifute kwenye simu yake, akaifuta mbele yangu. Nilidhani yamekwisha. Nikaiweka karatasi ya manjano kwenye jalada, nikalifungia kabatini.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Pei-chi kula chakula cha jioni. Tuko mezani, simu yake ikaita. Kile kilio. Niliruka hadi supu ikamwagika.

"Si nilikuambia uifute!"

"Nimeifuta zamani, mbele yako," akasema, amepauka. "Inarudi yenyewe."

Kesho yake nililifungua kabati. Kwenye ile karatasi, chini ya mhuri wa Chien, kulikuwa na kisanduku cha pili, kimeandikwa kwa mwandiko ule ule unaotetemeka. Mlalamikiwa wa pili: Tsai Pei-shan. Kilikuwa hakijagongwa. Nikauchukua mhuri wangu wa jina, nikaufunga kwa leso, nikaupeleka nyumbani na kuufukia kwenye pipa la mchele.

Tangu hapo kila nikiamka, kabla ya mswaki, natamka jina langu kwa sauti nisikie kama bado lipo.

Leo ni Jumatano. Nimefika kazini saa mbili, saa nne haiko mbali, na ndiyo sababu naandika haraka. Mhuri wangu nimeukuta juu ya meza, una punje mbili za mchele na wino mwekundu ambao haujakauka. Kabati lenye ile karatasi bado sijalifungua.