Mdomo Uliofungwa Hautafsiriwi

"Usianze. Taa inawaka sasa hivi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia Chiriku siku ile, na mimi nilikuwa hata sijafungua kinywa. Taa nyekundu ikawaka. Kwa nje kufuli likabanwa, kisha nikasikia zipu ya mkoba wa mama yake ikifungwa. Ufunguo umeshaingia ndani. Tukabaki wawili katika kibanda kisichotosha hata kitanda, kuta zimebandikwa magodoro, feni imezimwa isije ikavuma kwenye vipaza sauti. Mbele yetu kioo, na ng'ambo ya kioo ukumbi umefurika mpaka watu wamekaa kwenye ngazi.

Lilikuwa tamasha la jiji la filamu za Asia: za Kihindi, za Kikorea, za Kichina zile za mateke. Watu wetu hawaendi sinema kusoma maandishi ya chini ya picha, wanaenda kutazama. Kwa hiyo sisi tuliwasemea wahusika papo hapo, picha ikitembea. Mimi wanaume wote, tangu babu mwenye kikohozi hadi jambazi. Chiriku wanawake wote. Sauti yangu ilinipa jina la Radi, na baada ya siku ya kwanza watu walianza kutufungulia mlango katikati ya mapigano ili tu waone Radi anafananaje. Ndipo kufuli likaletwa.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa kaka yake Chiriku. Sheria yake ilikuwa moja: mdomo uliofungwa hautafsiriwi. Mhusika akinyamaza, nasi tunanyamaza, hata akilia machozi ya ndoo. Kwenye nyimbo tu ndipo aliniachia nafasi niweke mashairi yangu, kwa sababu ukumbi uliyapenda. Na kwa nini usiyapende? Sikufundishwa vina na mtu. Nimevisaka mwenyewe, na nikivipata havinitoroki.

Siku hiyo ya kufunga tamasha, Kaka alikaa mstari wa mbele. Kulia kwake mama yao, kushoto kwake Msambazaji, bwana mwenye suti iliyomkaa vizuri kupita kiasi, aliyeleta filamu zote tulizozisemea. Picha ikiisha, taa zingewashwa, Kaka angepanda jukwaani na kutangaza kwamba Msambazaji anamchumbia dada yake. Habari hizo alinipa mwenyewe juzi, mkono begani kwangu, kama anayenipa bahati. Alisema amemweleza dada yake mezani, mbele ya mama. Dada alinyamaza. Basi, amekubali.

Usiku huohuo nilimtumia Chiriku ujumbe wa neno moja:

"Hongera."

Akajibu:

"Asante kwa kuniuliza."

Nikaona ananicheka. Kabla ya tamasha nilikuwa nimemtumia shairi refu, beti zimefuatana kama mabehewa, kila behewa limebeba moyo wangu. Hakujibu hata nukta. Nikajua nimekataliwa, na mtu kama mimi hakataliwi mara mbili.

Sasa nimefungiwa naye. Kiwiko chake kikigusa changu, nakivuta. Changu kikigusa chake, anakiacha palepale, na hilo lilinichoma zaidi.

Katikati ya picha kulikuwa na kukimbizana kwa farasi, kwato tupu bila maneno. Alizima kipaza sauti chake, akazima na changu.

"Jambazi wako leo anaongea kama aliyeachwa na mke," alisema.

"Mimi niko kazini."

"Hata babu wa watu umempa hasira. Mzee anaomba maji, wewe unamgombeza aliyemletea."

"Kama sauti yangu haikupendezi, picha imebaki kidogo. Vumilia, uende kwenye raha zako."

"Raha zipi?"

"Kwani hujakubali?"

"Nani kakwambia nimekubali?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu," alirudia polepole, kama anayeonja chakula kilichochacha. "Na wewe, mwenye maneno mengi kuliko kamusi, ukaona uandike hongera."

Nilitaka kumjibu, lakini farasi walisimama. Akawasha vipaza sauti, nami nikarudi kuwa jambazi.

Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikatazama mlango, nikautazama tena, kana kwamba kuutazama kungeufungua. Kisha wimbo ukaanza, ule wa kijana aliyesimama mvuani chini ya dirisha la mpenzi wake. Zamu yangu. Kiburi kikanipanda, nikatoa ubeti niliokuwa nimeuficha tangu juzi:

"Nilipanda ua langu, kwa maji yangu halali,
Kachuma mwenye mizungu, aliyetoka kwa mbali,
Leo mimi na uchungu, wenzangu wala asali,
Kimya chako ndicho jibu, nimeelewa kamili."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja kwenye ngazi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Msambazaji naye alipiga makofi, akamnong'oneza Kaka kitu, wakacheka. Chiriku hakucheka wala kupiga makofi. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango mwingine ukifungwa.

Ikafika harusi. Kwenye picha, bibi harusi amekaa chini, kichwa kimeinama, mapambo yamemlemea. Mzee wa ukoo anasimama mbele yake. Mzee ni wangu, kwa hiyo nikamsemea:

"Binti, watu wa kijana wamefika. Unasemaje?"

Bibi harusi kimya. Fidla zikalia. Mdomo umefungwa kabisa, na sisi tunajua sheria. Nikatulia nisubiri aitike kwa kichwa.

Chiriku akakisogelea kipaza sauti.

"Kimya changu si ndiyo," alisema.

Haikuwa sauti ya bibi harusi. Kwa siku zote za tamasha Chiriku aliwapa wanawake wa picha sauti nyembamba, ya sukari. Hii ilikuwa yake mwenyewe, nzito kidogo, ile anayoagizia chai.

"Nilinyamaza kwa sababu hamkuniuliza. Mliniarifu. Mtu akiarifiwa mvua inakuja, huwa anakubali au anakataa?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Waambie, dada," watu wakaangua kicheko. Kaka alikuwa ameshasimama. Kwenye picha bibi harusi bado kainama, fidla zinalia, na kamera imemganda usoni. Nilikuwa na njia mbili: nikae kimya kama sheria inavyotaka, au nifungue mdomo wa mzee ambaye naye alikuwa ameufunga.

Nikaufungua.

"Basi leo unaulizwa, binti yangu. Huyu bwana unamtaka?"

Chiriku alinigeukia.

"Simtaki."

Palepale bibi harusi wa kwenye picha akaitika kwa kichwa na kuvishwa taji la maua. Ukumbi ukalipuka. Mmoja akasema mtafsiri amelewa, mwingine akasema afadhali mlevi huyu kuliko wazima wote. Msambazaji hakucheka. Alifunga kifungo cha koti lake, akabaki ametazama mbele.

Kaka alipita katikati ya watu waliokaa ngazini, akakanyaga mguu wa huyu na mfuko wa yule, akafika mlangoni kwetu na kuutikisa. Kufuli lake mwenyewe likamzuia.

"Mama, ufunguo."

"Ngoja," mama alijibu. Alikuwa amemfuata taratibu. Tukasikia amesimama karibu kabisa na mlango. "Binti yangu, siku ile mezani mimi niliona umeacha kula. Nikajifanya sijaona. Sasa nakuuliza mimi, mama yako. Yale uliyoyasema ni ya kwenye picha au ni yako?"

"Ni yangu, mama."

Zipu ya mkoba ikafunguka.

Kaka aliingia na joto lake, kibanda kikazidi kuwa kidogo. Alisema mengi. Kwamba tumemwaibisha, kwamba tamasha la mwakani limekufa leo, kwamba aliyafanya yote hayo kwa faida ya dada yake. Msambazaji alitokea nyuma yake, akaongea kidogo tu.

"Mimi niliambiwa amekubali," alisema. "Ningejua hajaulizwa, nisingekaa mstari wa mbele. Ila filamu za mwakani, bwana, katafuteni kwingine."

Akaondoka. Kaka akaegemea ukuta wa magodoro kama mtu aliyekatwa miguu. Nilimwonea huruma. Kazi yake ilikuwa imetoka mlangoni pamoja na suti ile, na kazi yangu nayo.

Mama akanitazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Na huyu je?" akamuuliza binti yake. "Huyu Radi unamtaka?"

"Huyu naye hajaniuliza, mama. Ameniletea beti kumi, zote za kujisifu jinsi anavyopenda. Nikizisoma natafuta swali, silioni."

Kaka, pamoja na machungu yake yote, alicheka. Mimi nilitafuta vina. Havikuja. Kwa mara ya kwanza maishani vilinitoroka vyote, nikabaki na maneno matupu kama ya muuza duka.

"Chiriku," nikasema, "utakubali kuolewa na mimi?"

Akanyamaza.

Nyuma ya kioo watu walikuwa wameacha kutazama picha, wamegeuza shingo kutuelekea. Kaka akapangusa uso, akasema kwa uchovu, "Haya, kanyamaza. Amekubali."

"Shemeji, subiri," nilimwambia. "Sijajibiwa."

Hapo ndipo Chiriku alipotabasamu. Akanyoosha mkono, akazima kipaza sauti chake, kisha changu. Taa nyekundu ikazimika. Ukumbi ukalalamika kwa sauti moja, kama watoto waliozimiwa televisheni.

"Hili si la ukumbi," alisema.

Kisha akanijibu, kwa sauti ile nzito ya kuagizia chai.

"Ndiyo."