Helmeti ya Abiria

Mkanda wa helmeti ulikuwa umekazwa kwa kipimo cha mtu mwenye kidevu chembamba.

Mke wa Fasta aligundua hilo asubuhi, alipokuwa akiivaa ili mumewe ampeleke kliniki. Helmeti ile nyekundu alinunuliwa yeye tangu tumbo lilipoanza kuonekana, na ilining'inia kwenye pikipiki ikimsubiri yeye tu. Alivuta mkanda, ukamkaba. Akaivua, akainusa.

"Unambeba nani wewe?"

"Nabeba viatu vya watu na vyakula vya watu. Kwani vipi?"

"Ina joto ndani. Halafu inanuka nywele zilizoungua."

Fasta akacheka. "Mama kijacho, mimba hiyo inakupeleka puta. Ilikaa juani tu."

Jua lenyewe lilikuwa halijachomoza vizuri. Mke aliliona hilo, akaumeza wivu wake, akaulegeza mkanda na kupanda.

Jina la Fasta halikuwa la bure. Katika wote waliosafirisha oda kwa pikipiki pale kijiweni, hakuna aliyefika mbele yake. Vioo vyake vya pembeni alikuwa amevifungua zamani na kuvitupa kwenye kopo la misumari, kwa sababu vioo huipanua pikipiki, na pikipiki pana haipenyi katikati ya magari kwenye foleni. "Ya nyuma yangu yana wenyewe," alipenda kusema, na wenzake wakaangua kicheko. Siku moja, kwenye makutano yenye taa, mpini wake uligusa kitu laini. Alisikia ukelele mgongoni, akaongeza moto. Kama palikuwa na mtu, yeye hakumwona. Asiye na kioo hana habari.

Baada ya hapo ndipo pikipiki ilipoanza kulemewa. Alikuwa akikaa, sanduku la mizigo likiwa tupu, na upande wa nyuma unashuka taratibu, kama mtu anapopanda kwa uangalifu asimshtue dereva. Fundi alibadilisha shokapu zote mbili za nyuma, lakini ikaendelea kushuka. Akapiga magoti kando ya gurudumu achunguze, Fasta akiwa amekaa kitini, na mara akaacha kupiga mluzi.

"Kijana wangu," akanong'ona, "usigeuke."

"Kuna nini?"

"Naona miguu minne kwenye bomba lako la ekzosi, hapa linapong'aa. Miwili ni yako. Ile mingine haina viatu."

Fundi alikuwa na shangazi yake mganga, wakaenda kwake moja kwa moja. Bibi yule hakufukiza ubani wala hakudai kuku. Alitoka nje, akaizunguka pikipiki kwa mbali, akauliza, "Vioo viko wapi?"

"Nilivitoa, bibi."

"Basi mlango ulimfungulia mwenyewe. Huyu jini humpanda asiyeangalia nyuma. Virudishe. Kila unapotaka kuondoka, kabla gurudumu halijazunguka, mtazame kwenye kioo mpaka ashuke. Hapendi kutazamwa. Lakini ukishaondoka naye, mwanangu, huyo ni abiria wako, na abiria hufikishwa anakokwenda."

"Anakwenda wapi?"

Bibi alirudi ndani, akaufunga mlango.

Fasta alivifunga vioo siku hiyohiyo. Alipokaa na kutazama, aliiona helmeti nyekundu nyuma ya bega lake, kioo chake cha uso kimefungwa, na mvuke wa pumzi ukitanda na kutoweka ndani yake. Hakupepesa macho. Mwishowe pikipiki ikainuka nyuma, nyepesi, na helmeti ikawa inaning'inia mahali pake.

Akafanya hivyo kila safari. Lakini hofu nayo ni kama tairi, hulika. Pikipiki iliacha kushuka, oda zikaongezeka, na vile vioo vikawa vinakwaruza magari ya watu kwenye foleni. Kwanza akawa anavikunja kwenye foleni tu. Kisha akawa anasahau kuvikunjua.

Ndipo adhuhuri moja mkewe akapiga simu. "Uchungu umeanza. Njoo, baba, njoo upesi."

Fasta alipenya foleni yote kama sindano, vioo vimekunjwa. Alifika mlangoni, akang'oa sanduku, akasogea mbele kitini. Mkewe alitoka akijishikilia ukutani, jasho limemlowanisha. Mara akapiga kelele, "Kadi ya kliniki! Nisubiri!" akarudi ndani.

Fasta hakuzima moto. Macho yake yalikuwa barabarani, akipiga hesabu ya njia isiyo na foleni. Pikipiki ikashuka nyuma. Mkanda wa helmeti ukalia, "Ta!" Mikono ikamzunguka kiunoni, na tumbo kubwa, gumu, likamgusa mgongoni.

"Twende," ilisema sauti ya mkewe.

Akaondoka. Aliikamata barabara iliyonyooka kutoka mlangoni kwao hadi kwenye makutano yaleyale yenye taa, akipiga honi, akimwambia mkewe avumilie, karibu tunafika, na mikono ile ikazidi kumbana, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani hata akadhani ni injini, na ndani ya lile tumbo kitu kikapiga teke mgongoni mwake, kikapiga tena, hadi lori likanguruma nyuma yake naye akanyoosha mkono kukikunjua kioo, na mle kiooni, mbali kule mlangoni, akamwona mkewe kichwa wazi, kadi mkononi, amepiga magoti, mdomo umepanuka kwa kumwita.

Helmeti nyekundu ikainama, ikamfunika mkewe kwenye kioo.

"Usiangalie nyuma, mume wangu," ikamnong'oneza. "Hujazoea."

Bado alikuwa akiangalia nyuma wakati taa ya makutano ilipogeuka nyekundu.

Dereva wa gari lililomgonga aliapa kwamba juu ya pikipiki walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na watu wakamtafuta yule mwanamke chini ya magari mpaka wakachoka. Mke wa Fasta alijifungua peke yake kizingitini, mtoto wa kike, mzima. Mumewe alizikwa kabla kitovu cha mtoto hakijakauka.

Wenzake wa kijiweni walikuja kumpa pole, wakamletea helmeti nyekundu. Haikuwa na hata mkwaruzo. "Angalau hii imepona, shemeji," alisema mmoja wao.

Walipoondoka, mke aliishika mapajani. Ndani ilikuwa na joto. Mkanda ulikuwa umekazwa tena, safari hii mpaka mwisho, ukabaki mduara mdogo usioweza kupitisha hata ngumi yake. Aligeuka akakitazama kidevu cha mwanawe aliyelala, kisha akautazama ule mduara. Ulimtosha.