Risasi Zisizolia

Mgeni aliingia kupitia tundu la ukuta wa kiwanja kilichoachwa, amevaa viatu vya mpira, ameshika bomba la chuma. Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa domo lake lisilopumzika, alikuwa akimwagilia mchicha pamoja na mama yake kama kila asubuhi kabla ya shule. Kopo lilimponyoka, maji yakamlowesha miguu.

"Hodi wenyewe!" mgeni alisema.

"Karibu," mama alijibu kwa wasiwasi. "Kama umekuja kutufukuza, ngoja kwanza tuvune."

Mgeni alicheka. Alikuwa mpima udongo. Aliwaeleza kwamba pale palikuwa na kiwanda cha betri za magari, kikafungwa, na wenyewe wakaondoka bila kusafisha uchafu wao. Sasa kulikuwa na mfuko wa fedha za kusafisha viwanja vya namna hiyo, ili vijengwe upya. Alikandamiza bomba ardhini, akachukua udongo kidogo, akaenda zake.

Aliporudi na majibu hakucheka.

"Dada, udongo huu umejaa risasi."

Tinda, mdogo wake Chiriku, alitoa macho. "Risasi! Kumbe palikuwa na vita?" Hakungoja jibu. Alichomoka mbio kuwaita wenzake.

"Si za bunduki, hizi hazilii," mpima udongo alisema. "Ni madini yanayotumika kwenye betri. Huingia mwilini kwa mikono michafu na kwa mboga, na humdhuru mtoto kuliko mtu mzima. Humharibia hata akili."

"Si wasafishe basi!" Chiriku alidakia. "Fedha si zipo?"

"Zipo, lakini viwanja ni vingi. Wataanza na vile vinavyoumiza watu. Manispaa imeandika kwamba hapa ni pori, hapana mtu. Mimi napima udongo tu. Habari za watu zitoke kwa watu wenyewe."

Mama alitazama matuta yake. "Na tukisema tupo?"

"Mtazuiwa kulima."

"Basi hatupo," mama alisema, akainama kung'oa magugu.

Chiriku alimweleza Tinda kwamba risasi zile hazikuwa za bunduki. Tinda alidhani dada yake anataka kuzichimba peke yake. Kila alasiri alijipenyeza na wenzake nyuma ya tanuri la zamani la kiwanda, wakafukua kwa mikono, wakarudi nyumbani na kula bila kunawa.

Haukupita muda Tinda akaanza kulia tumbo. Alikuwa akiimba herufi zote mpaka majirani wanaziba masikio. Sasa aliimba nusu, akasimama, akamtazama Chiriku kama anayeomba msaada. Hospitalini damu yake ilipimwa, akalazwa.

"Ni risasi," muuguzi alisema. "Asirudi tena kwenye ule udongo."

"Atakuwa kama zamani?" mama aliuliza.

"Siwezi kukudanganya, mama. Sijui."

Siku watu wa mfuko walipokuja kukagua, mama alificha jembe na makopo nyuma ya ukuta. "Leo funga huo mdomo," alimwambia Chiriku. "Shamba hili ndilo linalotulisha, na dawa za Tinda zinatoka hapa hapa."

Wageni walisimama kwenye tundu la ukuta pamoja na mpima udongo. Afisa wa manispaa alinyoosha mkono. "Kama mnavyoona, pori tupu."

Chiriku aliuma midomo. Akamkumbuka Tinda akikwama katikati ya herufi.

"Pori gani lina matuta?" alisema.

"Wewe mtoto, wakubwa wanaongea!"

"Sisi tunalima hapa. Watu wanakula mchicha wetu. Mdogo wangu amelazwa, alikuwa akitafuta risasi."

"Mtoto wa nani huyu?" mkuu wa mfuko aliuliza.

Mama alienda nyuma ya ukuta, akarudi na jembe lake mkononi. "Wangu. Na anasema kweli."

Mkuu wa mfuko alisema kiwanja kile sasa kitakuwa miongoni mwa vya kwanza kusafishwa, ila kazi itachukua miaka. Tangu siku hiyo, kilimo marufuku.

"Na mchicha huu uliokomaa?" mama aliuliza.

"Usiuzwe."

"Naahidi. Sitauza hata jani."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mama alimshika Chiriku bega. "Mwanangu, niliogopa njaa, nikaficha sumu. Jambo linaloumiza watu ukilificha, linazidi kuwaumiza. Hilo usijifunze kwangu. Jifunze lile ulilofanya leo."

Kesho yake unga ulikuwa umekwisha. Walipofika shambani walimkuta mwenye mkahawa, mteja wao wa siku zote, akiwasubiri na beseni, fedha tayari mkononi. Mchicha ulikuwa umestawi kuliko wakati wowote.

"Dada, nijazie kama kawaida."

Mama alilipokea beseni, akalitazama ndani, akalirudisha tupu. "Leo hakuna."

"Mbona nauona?"

"Uone tu. Huu una sumu. Usile, wala usimpikie mtu."

Mwenye mkahawa alifyonya, akaenda kutafuta kwingine. Mama alivaa glavu alizoachiwa na mpima udongo, akainama kwenye tuta la kwanza, akaanza kung'oa. Chiriku alimshikia gunia.